Kibodi na Barua Isiyojibiwa

Jumamosi hiyo asubuhi Kibodi alifika kijiweni amevimba kwa hasira. Kijiwe chenyewe ni benchi la ubao mmoja mrefu mbele ya kibanda cha fundi viatu, na wanaolikalia wanaitana kwa majina ya kupachikana. Spana, dereva wa kreni, ana baiskeli aliyoifungua na kuifunga mara tisa na hajawahi kuipanda kwenda popote. Sista Waya, muuguzi mstaafu, anajiundia redio zinazokamata stesheni za lugha asizozijua. Kibodi ni karani wa wapima ardhi. Miaka minne sasa anaichokonoa programu moja ya kuandikia kwenye kompyuta yake: kaipachika kalenda, kaipachika orodha ya sokoni, na barua pepe zake zote anazisomea humo humo, maandishi matupu, hakuna picha wala rangi. Ukimuuliza faida yake nini, hutaondoka leo.

— Hajajibu! alisema kabla hata hajapokea kikombe cha kahawa. Miezi mitatu! Namwomba mtu msamaha, mistari arobaini, hajajibu hata "nimeona".

Hakuna aliyeuliza ni nani. Ni kaka yake mkubwa. Kibodi aliifungua saa ya ukutani ya marehemu mama yao ili aiboreshe, ikaishia vipande kwenye bakuli. Kaka akamwambia mbele ya wanawe kwamba ana mikono ya kuharibu. Kibodi akamjibu kwa barua pepe ya matusi, na tangu siku hiyo hawasemeshani. Sasa kaka amehamishwa kikazi, na lori la mizigo linakuja leo.

— Shemeji yako huyo, alisema Spana. Anazisoma yeye, anazifuta yeye.

— Shemeji hana neno la siri.

— Wanawake tangu lini wakahitaji neno la siri?

— We Spana, mdomo wako huo! alifoka Sista Waya. Mimi nasema ni hawa wenye mitambo ya barua pepe. Barua yenye samahani nyingi wanaihesabu ya matapeli. Uliandika samahani ngapi?

— Kumi na moja.

— Umeona!

— Wapi! Spana alijipiga goti. Kaka mtu kaona maandishi meusi matupu, kadhani ni barua ya mwanasheria. Saa hizi anatafuta wa kwake.

— Au naye kajiundia programu ya kumjibia barua, alisema Sista Waya. Yake na yako zimeshagombana zenyewe huko huko, nyinyi wenye ugomvi hamna habari.

Kibodi hakucheka.

— Aende zake! Tumbo moja tumetoka, halafu ananifanya takataka. Akifika huko asinitafute, na akiugua asinitafute!

Aliyasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Lakini usingizi hakuwa ameupata, na kila akisikia gari zito moyo ulimshtuka. Kaka akishaondoka bila neno, basi tena.

— Hebu tuione hiyo barua, alisema Sista Waya.

Kibodi aliifungua kompyuta mapajani, akabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo kama kawaida yake. Akatafuta kwenye barua zilizotumwa. Haipo. Akatafuta tena, polepole. Kisha akafungua folda nyingine, na masikio yakamwaka moto.

— Hiyo folda imeandikwa Subiri, alisema Spana akichungulia. Subiri nini?

Baada ya ile barua ya matusi, Kibodi aliiandikia programu yake mistari sita ya amri: barua yoyote ya kwenda kwa kaka isitoke mpaka kesho yake, aisome tena hasira zikiwa zimepoa, ndipo aibariki kwa kitufe. Alijisifu nayo hapo hapo benchini. Kesho ya kuubariki msamaha ilipofika, alishinda akikiboresha kitufe, akasahau kukibonyeza.

— Yaani haijatoka? aliuliza Sista Waya.

— Haijatoka.

— Miezi mitatu unamtukana mtu hapa! Sista Waya alisimama, kahawa ikamwagika. Mimi nimeacha kumwamkia huyo mtu sokoni kwa ajili yako! Nampita kama nguzo!

— Si mimi, ni programu!

— Nani kaiandika?

Kibodi aliinamia kioo cha kompyuta, akaanza kuchapa.

— Ngoja. Narekebisha hapa mistari miwili tu. Ikitoka hivi itabeba tarehe ya leo, ataona nimekurupuka kwa sababu anahama.

— Ibadilishe tarehe, alisema Spana.

— Usithubutu! alidakia Sista Waya. Huo ni uongo juu ya ujinga!

— Sasa nifanyeje? Nifanyeje, mniambie!

Kulikuwa na mama mmoja mgeni pale mwisho wa benchi, ameshika kiatu kilichong'oka kisigino, anamsubiri fundi afungue.

— Samahanini, alisema. Kwani huyo kaka anakaa wapi?

— Pale, alisema Kibodi, akaonyesha kwa kidevu bila kuinua macho. Pembeni ya duka la dawa. Geti la kijani.

Mama akageuka. Geti lilionekana vizuri kutoka benchini. Lori lilishaegeshwa, na watu walikuwa wanapakia magodoro.

— Sasa hiyo barua ya nini?

Kibodi aliiweka kompyuta juu ya ubao, wazi vile vile, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Kaka yake alikuwa getini na mpakizi mmoja, wamelishika kabati la nguo, jasho linawatiririka. Alipomwona, uso ulimkunjamana.

— Umekuja kufanya nini?

Ile mistari arobaini Kibodi alikuwa anaijua kwa moyo. Hakupata hata mmoja.

— Nimekuja kubeba.

Kaka yake akampa mpakizi ishara asogee.

— Basi beba, alisema, akamwachia upande mzito.