Fundi Mizani na Chupa Mbili Zisizo na Majina

Marehemu alijuana na shemeji yake, muuza maharage, kwa ugomvi. Mwaka 1994, akiwa mkaguzi wa vipimo, aliingia dukani na mawe yake ya kupimia, akaweka la kilo moja kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Mizani yako inaiba gramu arobaini."

"Inamwibia nani?"

"Wateja. Wewe mwenyewe sioni kama umekonda."

Aliporudi mara tatu mwezi uleule, mwenye duka alijua tu anatafuta kitu kidogo. Kumbe macho yalikuwa kwa dada mtu, aliyekaa kaunta.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Mwaka 1972 alimaliza shule ya msingi, ambako aliwahi kuchapwa kwa kudai rula ya mwalimu imepungua milimita mbili. Ilikuwa imepungua kweli. Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa idara ya vipimo, 1976 hadi 1998, kisha akafungua karakana ya chumba kimoja nyuma ya ghala la saruji.

Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1996. Walijaliwa binti mmoja, anayesomea uhandisi mji wa mbali.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alilazwa. Kidonda cha mguu kilikuwa kimepeleka vijidudu kwenye damu. Mkewe alitaka binti aitwe, mgonjwa akakataa katakata: "Ana mtihani wa mwisho. Mwacheni."

Kesho yake asubuhi, muuguzi wa utafiti alikuja kuomba mkojo. Alieleza kwamba figo zikianza kuumia hutoa protini fulani, nao wanachunguza kama protini hizo zinaweza kuonyesha mapema ni mgonjwa gani atazidiwa.

Shemeji mtu alinong'ona, "Wakishajua nani anaondoka, si kitanda atapewa mwingine?"

"Majibu tutaambiwa?" marehemu aliuliza.

"Utaratibu hauruhusu, mzee."

"Basi na mkojo haupo."

Walivutana mpaka muuguzi akaenda kwa mkubwa wake, akarudi na ruhusa. Hata hapo marehemu hakuridhika. Kipimo asichokijaribu mwenyewe hakukiamini. Alimtuma shemeji chooni na chupa ya pili, na muuguzi akakabidhiwa chupa mbili zisizo na majina.

Baada ya saa moja alirudi. "Mwenye hii hana shida. Mwenye hii nyingine, figo zimeanza kuumia. Si hukumu, mzee, ni dalili."

Marehemu alidai kipimo kirudiwe, kwa chupa mpya. Jibu likawa lilelile. Akatia sahihi fomu ya utafiti, kisha akamgeukia mkewe: "Mama, mwite mtoto."

Binti alifika asubuhi ya tarehe 4. Walizungumza wawili tu mpaka alasiri. Jioni marehemu akapoteza fahamu, na tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, alifariki dunia, kwenye kitanda kilekile.

Watafiti walipata mkojo wa siku nne. Shemeji mtu alimshuku muuguzi bure, na amemwomba radhi. Ila bado anataka kujua ni familia ngapi zisizojua kubishana zilizonyimwa jibu kama lile.

Ameacha mjane, ndugu watatu, na binti aliyekosa mtihani, atakayerudia mwaka mzima. Alipata saa sita na baba yake akiwa na akili timamu. Aliyoambiwa hajamwambia mtu, na asiulizwe.

Marehemu apumzike, nasi tutulie.