Joram Mwakio Mwadime, Mwana wa Werugha Aliyetunza Kulungu wa Barafu Doha

Ndugu, jamaa na majirani, tuliyemzunguka hapa leo, tarehe 25 Julai 2015, ni Joram Mwakio Mwadime. Haya ni maisha yake kama familia ilivyoyakusanya, na anayeyasoma ni binti yake, Cheryl.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Werugha, Wundanyi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elijah Mwadime na marehemu Mama Mghoi. Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa kijijini. Waliosoma naye bado wanakumbuka asubuhi moja ya Julai, ukungu umefunga, alipoingia darasani na mwanambuzi ndani ya sweta. Mbuzi mzazi alikuwa amekufa wakati wa kuzaa. Joram alikaa wima kama askari mpaka katikati ya hesabu, mwanambuzi akalia. Mwalimu akauliza ni nani anayelia. Joram akasimama na kusema, "Ni mimi, mwalimu." Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu akamruhusu ampeleke jikoni karibu na moto.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, na mwaka 1988 akapata cheti cha afya ya mifugo. Kwa miaka mingi alihudumia ng'ombe wa chama cha ushirika cha maziwa hapa Taita. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Pamela Mkamburi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Cheryl mwaka 1999 na Trevor mwaka 2003. Ushirika ulipovunjika, alitafuta kazi Mombasa bila mafanikio. Mwezi wa Februari 2005 alipanda ndege kwenda Doha, nchini Qatar, kuchunga mbuzi na paa katika bustani ya wanyama ya tajiri mmoja aliyeitwa Abu Saud. Aliahidi kukaa miaka miwili.

Mwezi wa Januari 2009 Abu Saud alileta wanyama ambao Joram hakuwahi kuwaona ila kwenye kadi za Krismasi. Walikuwa kulungu watano wa nchi za barafu, dume mmoja na majike wanne, kutoka kaskazini mwa Urusi. Walijengewa ukumbi mkubwa wenye mashine za kupoza hewa. Nje jua lilikuwa likichoma; ndani Joram alivaa koti zito, kofia ya sufu na glavu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi huo. Wenzake waliishi mtaa wa Al Mansoura, mbali na hapo, kwa hiyo baada ya kazi hakuwa na wa kuzungumza naye.

Akawasoma wale wanyama. Daktari wao, Msudani aliyeitwa Idris, alimfundisha, naye akatufundisha sisi kwa simu kila Ijumaa. Alituambia kwamba manyoya yao yana uwazi ndani kama mirija, na hewa iliyomo ndiyo inayozuia baridi. Kwamba kati ya kulungu wote duniani, ni hawa tu ambao majike wao huota pembe. Dume huangusha zake msimu wa baridi unapoanza, na jike mwenye mimba hubaki nazo mpaka azae, ili asifukuzwe kwenye chakula. Kwamba mboni zao hung'aa dhahabu wakati wa kiangazi na kugeuka buluu katika miezi ya giza. Siku moja alisema kwamba ndugu zao wa porini huko Kanada huitwa karibu. Bibi yetu, mama yake Pamela, akanyakua simu na kusema, "Basi mwambie karibu akaribie, chai iko tayari." Baba alicheka mpaka tukadhani simu imekatika.

Lakini alichopenda kutusimulia zaidi ni sauti ya miguu yao. Kulungu hao wanapotembea, kano la mguuni huteleza juu ya mfupa na kulia tik, tik. Daktari Idris alimweleza kwamba kwenye theluji na ukungu kundi halipotezani, kwa sababu kila mmoja humsikia mwenzake. Joram alisema alilala akisikia sauti hiyo ukutani, na kwamba ilikuwa kama kuwa na watu nyumbani.

Mwezi wa Agosti 2012 mashine za ukumbi zilikufa zote kwa pamoja. Joto lilipanda, na wanyama wakaanza kuhema midomo wazi, ndimi nje. Bakari, dereva Mtanzania aliyekuwa rafiki yake, alileta barafu kutoka soko la samaki, lori baada ya lori. Joram na Daktari Idris waliipanga kuwazunguka, wakawamwagia maji, wakawapepea kwa maboksi. Dume na majike watatu walikufa. Alibaki jike mmoja, ambaye Joram alimwita Mghoi, jina la mama yake.

Mashine zilitengenezwa, lakini Mghoi hakuwa yule tena. Alizunguka ukumbi akisimama na kutega masikio. Chakula alikibakiza. Joram alijaribu kukaa naye, akila chakula chake humo humo, koti mwilini. Mwisho alimwendea Abu Saud, ingawa alijua kwamba mnyama akiondoka, kazi yake nayo itaondoka.

"Arbab," alimwambia, kwa jina ambalo wafanyakazi wa huko humwita tajiri wao, "huyu ni mnyama wa kundi. Hawezi kuishi peke yake. Mrudishe kwao."

Abu Saud hakufurahi. Watoto wake walimpenda yule kulungu. "Joram," akasema, "wewe umekaa hapa peke yako miaka saba, na unaishi."

"Ndiyo, arbab. Ndiyo maana najua."

Bakari, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema Abu Saud aliuliza njia ya kumsafirisha.

Mwezi wa Februari 2013, baada ya karantini na taratibu zote, Joram alisafiri na Mghoi mpaka shamba la wafugaji nje ya mji wa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi. Alitupigia simu kutoka huko, meno yakigongana. Alisema kundi lilipita mbele yake kwenye theluji, na zile tik, tik zilikuwa nyingi kama mvua ikianza juu ya mabati. Walipofungua kreti, Mghoi alinusa upepo, akashuka na kuingia kati yao.

"Hakugeuka hata kunitazama," alisema.

Mama akamuuliza, "Kwani ulitaka ageuke?"

"Hapana. Nilitaka aende."

Mama akamwambia, "Na wewe urudi sasa, Baba Cheryl."

"Mwakani, Mama Cheryl. Cheryl aingie sekondari kwanza."

Alirudi Doha. Ukumbi ulizimwa na kugeuzwa stoo, naye akapewa kazi ya kulinda lango la nyumba nyingine ya Abu Saud, Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege. Alisema usingizi ulimkataa pale. Nyumba ilikuwa kimya mno katikati ya kelele za ndege. Cheryl aliingia sekondari. Mwaka ukapita, na mwingine, na safari ikaahirishwa tena.

Mwezi wa Novemba 2014 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakagundua kwamba figo zimechoka. Alitibiwa katika hospitali moja ya Doha, na Bakari ndiye aliyempeleka na kumrudisha kila alipokwenda kusafishwa damu. Sisi alituambia ni uchovu. Ni Bakari aliyetuambia ukweli, mwezi wa Juni mwaka huu, na tiketi ya kumrudisha ikakatwa.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 10 Julai, kabla siku ya safari haijafika, Bakari alimshikia simu sikioni kule hospitalini. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kuna baridi huko, Mama Cheryl?"

"Baridi kali. Ukungu umefika mpaka mlangoni."

"Vizuri," akasema. "Nikija nitalala."

Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 11 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Bakari alikuwa ameshika mkono wake.

Marehemu ameacha mjane, Pamela Mkamburi. Watoto, Cheryl na Trevor. Dada yake, Loice. Kaka yake, Cyrus. Mama mkwe, Bibi Jerusha. Na wapwa na wajukuu wa ukoo. Ameacha pia rafiki yake Bakari, ambaye amemleta mwenyewe mpaka hapa na amesimama nasi.

Baba, hapa ni Werugha. Umefika. Lala kwa amani.