Jino Lililongoja Chini

Asifiwe Yesu Kristo, ndugu zangu wa mlimani, na asifiwe tena kwa ajili ya kinywa cha mwanangu Klara, huyu anayejificha nyuma ya kanga yangu.

Alizaliwa mwaka ule gari moshi lilipofika Morogoro. Alikuwa mtoto wa kucheka, lakini meno yake ya mbele ya juu yalioza yangali ya utoto. Yakawa meusi, yakabaki vigutu. Mama yangu alikuwa akimlaza na kipande cha muwa mdomoni ili anyamaze, nasi tukashukuru, maana tulipata usingizi.

Tukasema ni mdudu wa jino. Tukachoma mbegu za ndulele kwenye kigae, Klara akavuta moshi wake hadi akatoka machozi. Mama akatuonyesha vidudu vilivyoanguka. Tukashangilia wee, na kesho yake mtoto akalia vilevile.

Ndugu zangu, alipoingia mwaka wa saba mdomo ulivimba, uvimbe ukapanda shavuni, jicho likafumba. Mwili ukawa wa moto, hata uji akausukuma. Sista wa misheni alipita kijijini kwetu, akamchungulia kinywa, akanieleza wazi: jino lililotoboka kidogo hukwanguliwa na kutunzwa, lakini haya mawili yana usaha mizizini. Yang'olewe, la sivyo mtoto atakufa.

Lakini kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Baba yake alikuwa tayari kumpeleka, akaogopa. Kaka yangu Kobelo alishaapa: "Jino lisilolegea lenyewe halitolewi. Ukiling'oa kwa chuma umelifukuza, halioti tena. Mpwa wangu awe kibogoyo, aolewe na nani?"

Nikampigia magoti. "Kaka, kibogoyo nitamlisha. Maiti nitamlisha nini?"

Akainuka. Kisha akambeba mgongoni mwenyewe, akanung'unika njia nzima hadi misheni. Sista akapaka mafuta ya karafuu, akashika koleo. Kaka akamshika Klara kichwa, macho kayafumba yeye. Meno yakatoka, usaha ukafuata, na mtoto akasinzia palepale mapajani mwa mjomba wake.

"Chini yake kuna mengine, yanangoja," Sista akasema. "Na muwa wa kulalia ukome leo."

"Nani ameyaona?" kaka akamjibu.

Homa ikashuka, Klara akaomba ugali. Mimi ningetosheka na hilo. Lakini kaka alikuja kila asubuhi. "Fungua." Anachungulia. "Pengo tupu." Anaondoka zake shambani. Masika yakaisha, tukavuna mahindi, naye anakuja tu.

Asubuhi moja alichungulia, akachungulia tena. Akapitisha kidole kwenye ufizi, kikakuta makali. Akaketi chini, mavumbini, mtu mzima yule, akanong'ona: "Kumbe lilikuwa humu. Siku ile naapa, lilikuwa humuhumu."

Ndugu zangu, mpaka leo sijazoea. Tulikuwa tunalia juu, na Mungu alishaweka akiba chini, kimya, wala hakutuambia. Ni Mungu gani huyu?

Basi mwenye mtoto anayelia jino asingoje shavu livimbe. Mpelekeni kwa Sista, mkamtumaini Yeye aliyetangulia kupanda. Na mjomba akikataa, amwulize kaka yangu. Yupo pale mlangoni. Hajabatizwa bado, lakini leo ameleta wapwa zake wengine wawili, na tangu asubuhi anawaambia, "Fungueni."