Josepha, Mwombaji wa Moto wa Miaka Thelathini na Mmoja

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Josepha Mayala anastaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Huruma ya Kanisa la Neema Kuu, hapa Tabora mjini, kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya Wazee imeniomba niandike wasifu mfupi na wa kufurahisha. Barua yao imerudia "wa kufurahisha" mara tatu, na mimi Dionis, karani wenu, barua ya namna hiyo huisoma mara nne.

Mama Josepha ni binti wa wakulima wa Lusu, Nzega. Aliajiriwa mwaka 1994 kuwapikia wageni, enzi za bati lenye kutu na viti vya kuazima. Mwaka uliofuata alikabidhiwa ghala la misaada. Tangu hapo tumepata marumaru, viyoyozi na geti linalojifungua lenyewe. Maskini wanaoingia getini wamepungua, na wazee wanayaita hayo maendeleo. Mimi bado nachunguza.

Kazi yake ilikuwa kujua nani hasa ana njaa. Hakutembea na fomu. Alitembea na kigae cha chungu, akibisha hodi mchana na kuomba kaa la moto, kama jirani yeyote. Nyumba iliyopika ilimpa, akashukuru na kuondoka. Nyumba yenye majivu baridi ilijibu kwa haya kwamba leo hawajawasha. Hakuuliza zaidi. Jioni unga na maharage vilifika, na majirani hawakujua lolote.

Huko mtaa wa Ng'ambo, mama mmoja, Bi Asmahani, alimpa moto, akamwongezea kahawa, kisha akamwambia usoni kwamba mwanamke anayeomba moto kila wiki ni mvivu tu wa kununua kiberiti. Mama Josepha alicheka njia nzima hadi ofisini.

Mimi nilimshuku. Mtu mwenye jiko la gesi anaomba moto wa nini? Wiki nzima nilimfuata kwa baiskeli, nikitafuta nyumba ya shangazi au binamu anakoupeleka unga wetu. Sikuiona. Niliona akibisha kwa mlinzi wa geti letu, kwa mama anayepiga deki marumaru zetu, kwa mpiga kinanda. Alhamisi alikata kona, akaingia kwangu. Nikiwa nimejibanza ukutani kwa jirani, nilimsikia mke wangu Advera akimwambia kwamba kwetu moto haujawashwa tangu jana. Nilikuwa najua. Nilidhani tunajua wawili tu. Niliona aibu, na jioni tulikula ugali tukashiba.

Leo anakabidhi ufunguo wa ghala kwa kamati. Kuanzia Julai, kila atakayepewa msaada atasimama mbele ya ibada na mfuko wake, apigwe picha akiwa na mwenyekiti, Mzee Emilian, na wazee wenzake, ili wafadhili waione. Wanasema ni uwazi. Kamati ambayo wafanyakazi wake hulala njaa kabla mwezi haujafika nusu ikianza kusema uwazi, mimi huuliza nani anafichwa nini. Katika kikao cha mwisho Mama Josepha aliomba jambo moja tu, watu wasipigwe picha. Waliguna, wakahamia ajenda ya keki. Keki hiyo mnaiona mbele yenu, ina ngazi tatu.

Mama, asante. Asante kwa unga, na zaidi kwa kutotusema. Fomu ya Jumapili ya kwanza imeletwa mezani kwangu niandike majina ya maskini. La kwanza nimeandika langu. Mlinzi ameandika la pili, mama wa deki la tatu. Kinanda kitanyamaza kidogo, maana mpigaji naye atakuwa mbele na mfuko wake.

Nenda salama Lusu, ulime mpunga wako, upate afya na usingizi mzuri. Tutakutumia picha. Usituhurumie sisi tulioshika mifuko. Watazame wazee waliosimama nasi.