Mwalimu Hippolyte na Aya za Katikati

Tarehe 30 Juni 1957 Mwalimu Hippolyte Lukonga anaweka chaki chini baada ya kufundisha miaka ishirini na saba, kwanza Kasongo, kisha hapa Kabambare, katika shule yetu ya kuandaa walimu. Nimeombwa nimuage kwa niaba ya wenzake.

Walimu wengi wa insha hupenda mwanzo na mwisho. Yeye alipenda katikati. Kila aya ibebe jambo moja, alisema. Sentensi ya kwanza ilitaje, zinazofuata zilete ushahidi, ya mwisho ifungulie njia aya inayokuja. Aya yenye mambo mawili aliikata kwa wino mwekundu, akilalamika kwamba wageni wawili wamelazwa kitanda kimoja. Mwanafunzi wake Moustapha alipoandika tu kwamba soko la Kabambare linafurahisha, alirudishwa huko huko sokoni. Alikuja na tone la mawese kwenye shati na habari za mama aliyegombania mihogo yake na mbuzi. Aya ile tuliicheka muhula mzima. Leo Moustapha ni mwalimu Wamaza.

Lakini siwezi kumuaga bila kusimulia ya mwaka 1949.

Fidèle, kijana wa Lusangi aliyekaa benchi la nyuma na kukohoa kila kabla ya kusema, alikufa kwa homa wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa, hakuna aliyetaka kukaa mahali pake. Asubuhi moja ya mvua Hippolyte aliwaambia vijana watunge aya pamoja, kwa mdomo, juu ya darasa lao. Mimi nilikuwa mlangoni, nangoja mvua ipungue. Grégoire akatoa sentensi ya kwanza: darasa letu ni imara. Kabla mwingine hajainua mkono, sauti ilitoka nyuma, ya upole, ikitanguliwa na kikohozi tulichokijua.

«Hapana. Darasa haiko imara.»

Hakuna aliyegeuka. Hippolyte alikuwa ameelekea ubaoni, na chaki yake ikasimama. Kisha akauliza, kama alivyomuuliza kila mwanafunzi:

«Umeona nini?»

«Nguzo ya huku nyuma. Mchwa wameikula ndani, iko ganda tu.»

Mwalimu alikwenda hadi kwenye benchi tupu, akaibonyeza nguzo, na kidole chake kikazama ndani. Kwa sauti ya kawaida kabisa akawaambia vijana watoke, madaftari wayaache. Tulikuwa bado tunatazamana mvuani paa lilipoanguka lote. Tulipofukua majani na miti, benchi la Fidèle lilikuwa wima, kavu.

Darasa jipya lilijengwa kwa matofali, na Hippolyte akaendelea na aya zake kama jana. Vijana wale wote wanaishi, wengi wanafundisha. Yeye hakulitaja jambo lile hata mara moja, mpaka juzi aliponikabidhi ufunguo, maana darasa sasa ni langu. Nikamuuliza kama sauti ile iliwahi kurudi. Akaniambia nisijisumbue kutafuta ni nani.

«Uliza imeona nini. Halafu nenda ukaangalie.»

Mwalimu Hippolyte, asante kwa vijana uliotuachia, na kwa wale uliowatoa nje kwenye mvua. Wewe na mkeo, Mama Émérance, Mungu awape uzee mtulivu, shamba lenye mavuno, na nyumba ambamo hazisikiki sauti ila za watu wake.