Foto Nzima ya Bariere ya Mvua

Mgeni rasmi, Papa Hubert, msimamizi wa barabara yetu. Chefu wa lokalite, mkuu wa kijiji chetu. Padri na mchungaji, mliokubali kuketi benchi moja. Bapapa na bamama wa Mpofi: amani iwe kwenu.

Anayesoma ni Esdras, katibu. Nimechaguliwa kwa sababu wazee wananiita mutoto na vijana wananiita papa, kwa hiyo hakuna upande unaonidai. Risala hii imeandikwa na wazee wawili na vijana wawili. Waligombana karibu katika kila mstari. Ukisikia sentensi imepinda ghafla, mgeni rasmi, ujue hapo ndipo tulipopatana.

KARIBU

Karibu sana. Tumekupa mkono mmoja mmoja, na wazee wetu wameisifu saa yako yenye mkanda wa kijani. Wameniagiza niisifu tena hapa mbele ya watu. Ni saa ambayo mtu akiiona mara moja haisahau. Jeep yako nyeupe nayo tumeifurahia. Tunaijua.

HISTORIA YETU

Sisi ndio tunaoziba mashimo, tunaofungua mifereji na tunaolinda bariere ya mvua, ule mwanzi mrefu unaoshushwa mvua ikinyesha ili magari yasichimbe tope. Tope likikauka, mwanzi unapanda. Kwa miaka mingi bariere ilishikwa na Papa Nestor. Hakuwahi kumwambia dereva "hapana". Alimwambia, "Kaa, kaka, nikupe habari ya mukwe wangu." Habari ya huyo mkwe ni ndefu, ina nguruwe, ina kesi mbili, na dereva akija kushtuka barabara imekauka.

Kisha mradi wa barabara ukaajiri vijana. Walikuja na nguvu, na walikuja na simu.

MAFANIKIO

Vijana walifungua grupu ya WhatsApp, wakaiita "Barabara Bila Kuficha". Kila kosa likapigwa foto, likazungushiwa duara jekundu, likarushwa. Mzee wetu Papa Darius alipatikana ndani ya toroli, macho yamefungwa. Neno "kulala" lilikuwa katika risala hii, wazee wamelitoa. Tumekubaliana kusema alikuwa anasikiliza barabara.

Wazee nao wana njia yao ya kumsema mtu. Mzee anaweza kukusema tangu asubuhi hadi saa sita bila kukutaja. Atasema habari za kuku fulani anayewika kabla ya kuota manyoya. Unacheka pamoja na wengine. Jioni, tonge mkononi, unashtuka: kumbe kuku ni mimi! Dada yetu Elodie alisema waziwazi kazini, "Bapapa, kama niko na kosa, muniambie jina yangu. Mie si kuku." Papa Darius akamjibu, "Nani amesema weye iko kuku? Tulikuwa tunasema ya kuku."

Hata hivyo mifereji yote iko wazi hadi leo. Hilo ni la wote, na halina ugomvi.

CHANGAMOTO

Hapa naomba maji kidogo.

Siku moja ya mvua kubwa, gari lilipita bariere. Elodie alikuwa amejikinga kibandani, akapiga foto. Katika grupu ilionekana hivi: Papa Nestor amelowa, ameinua mwanzi, duara jekundu kichwani, na maneno, "Huyu njo anauwa barabara yetu." Foto ilitembea kuliko gari lenyewe. Ilifika hata ofisini kwako, mgeni rasmi, na barua ya kumsimamisha kazi ikarudi haraka sana, yenye sahihi yako.

Tulimwuliza Papa Nestor ni nani aliyekuwa garini. Alisema, "Mukubwa hasemwe mbele ya batoto," akaenda zake. Sasa yuko nyumbani. Mke wake, Mama Hélène, anatuambia ameweka ufito katika njia ya uani kwake, na mvua ikianza anaushusha. Mbuzi wanangoja. Na yeye Mama Hélène akitoka kisimani anangoja, anapewa habari ya mkwe, ambaye ni mkwe wake pia. Anaomba, tunanukuu, "Mumurudishe kazini, tafazali, mie nimechoka."

Bariere tulimpa kijana Fiston. Fiston aliwatisha madereva, "Nitakupiga foto!" Dereva wa kwanza alichana nywele. Wa pili alishuka akasimama karibu na taa za gari, mkono kiunoni. Wote walipita. Barabara mliyoiona leo imechimbika ni kazi ya siku hizo.

Ndipo Elodie akasimama katika mkutano wetu, analia. Alisema foto ile aliikata. Akatuonyesha nzima. Papa Nestor yuko upande mmoja. Upande wa pili kuna gari, dirisha limefunguliwa, na mkono wenye saa umetoka, kidole kinaamuru mwanzi uinuliwe. Tulimwuliza kwa nini aliukata mkono. Akasema, "Nilimuogopa mwenye mukono. Papa Nestor sikumuogopa."

Tuliona haya, mgeni rasmi, wazee na vijana. Tulikuwa tumemtupia mawe yule tuliyemfikia.

MAOMBI

Tunaomba bote za mvua za kukanyagia tope, na toroli mpya. Ile iliyopo imesikilizwa sana.

Tunaomba Papa Nestor arudishwe kwenye bariere yake, kwa barua yenye haraka ileile.

Kuhusu foto nzima, vijana walitaka ionyeshwe leo ukutani, kubwa. Wazee walisema mtu mzima husemeshwa nyumbani kwake, mlango umefungwa. Tulikesha kwa hilo neno moja. Mwisho tuliitengeneza vizuri, tukaitia katika fremu na kuifunga kwa kitenge. Ndiyo zawadi yako. Kwa desturi yetu zawadi hufunguliwa nyumbani. Elodie ameahidi kutoirusha. Na sisi tumemwomba asiifute.

Mungu akulinde njiani, akupe usingizi mzuri baada ya kufungua zawadi, na azibariki kalamu zote zinazotia sahihi. Tunasikia bati limeanza kulia: mvua imefika. Usiwe na wasiwasi wa safari. Kwa heshima yako Papa Nestor amekubali kushika bariere leo, bila mshahara. Mwanzi umeshashuka, na kando yake ameweka viti viwili.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Barabara, Kipande cha Mpofi, wazee na vijana.