Kila Mtu na Sehemu Yake ya Seli

Ukiacha lami kuingia mtaa wa Munyaka, hapa Eldoret, pale ukuta wa gereji unapoishia, kuna benchi la mbao, na mbele yake Seline anachemsha kahawa ya tangawizi kwenye jiko la makaa. Wakaaji wa benchi ni wale wale. Kuna Javan, tunamwita Posho kwa sababu ana kinu cha posho, cha kusaga mahindi, hapo nyuma, na nyusi zake huwa nyeupe kwa unga hata Jumapili kanisani. Kuna Kimutai, jina la benchi Diwani, aliyewania kiti cha wadi akashindwa vibaya lakini hajaacha kuhutubia. Na kuna mimi, Macharia, fundi viatu, wao huniita Soli. Siku moja ya Novemba tulikuwa tunabishana kuhusu mvua iliyokuwa inanyeshea mahindi ya watu shambani, tukamwona Seline akifunga kitabu chake cha biolojia kwa nguvu na kukitupa kwenye karai la makaa.

– Seline, hiyo ni kitabu ama ni kuni? Posho akauliza.

– Ni kuni. Kesho siendi.

Seline aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipofariki kule Bondo. Akaja Eldoret na wadogo zake wawili, akawasomesha kwa kahawa hii tunayokunywa. Mmoja ni mwalimu sasa, mwingine ana duka lake Kimumu. Walipotulia, Seline akasema sasa ni zamu yake, anataka kuwa muuguzi. Akajiandikisha mtihani wa kidato cha nne na umri wake wa miaka arobaini. Mwaka uliotangulia alipita masomo mengine yote, biolojia ikamwangusha. Kesho yake ndiyo ilikuwa karatasi ya biolojia.

– Inakushinda wapi? nikamuuliza.

– Kwa seli. Wanaleta picha, ndani iko na vitu vidogo vidogo, kila moja na jina yake na kazi yake. Nikishika hii, ile inatoka. Mwaka jana niliangalia tu hiyo picha mpaka wakakusanya karatasi. Soli, nililia kwa choo ya shule ya watu.

Diwani akasimama. Diwani akisimama, tunajua tumepatikana.

– Kwanza, seli ni nini?

– Ni kipande kidogo sana ya kitu chochote iko hai. Wewe, ng'ombe, sukuma wiki, wote mmejengwa nayo. Ni ndogo mpaka lazima utumie hadubini.

– Na mimi hapa niko nazo ngapi?

– Kitabu inasema matrilioni.

Diwani akashika tumbo lake kwa heshima mpya.

– Matrilioni! Na bado nilikosa kura!

Hata Seline akacheka kidogo. Posho akakitoa kitabu kwenye karai, akakipangusa kwa shati, sasa kikawa cheusi kwa makaa na cheupe kwa unga. Akamrudishia.

– Soma moja moja. Sisi tutagawana. Kila mtu atachukua yake, halafu wewe ukisahau jina, unakumbuka mtu.

– Kiini, Seline akasoma. Inakaa ndani, inaweka maagizo yote ya vile seli itafanya kazi.

– Hiyo ni yangu, Diwani akasema kabla hajamaliza. Mimi na maagizo ni ndugu.

– Mitokondria. Inachukua chakula na hewa, inatoa nguvu.

Posho aliruka, kahawa ikamwagikia goti.

– Hiyo ni kinu! Unaweka kitu, inatoka ikiwa imesagwa, mtu anaenda kupika ana nguvu. Hiyo ni mimi, hakuna mtu ataniambia kitu!

– Utando. Unazunguka seli, unachagua nini iingie na nini itoke.

Nikasema huo nachukua mimi, kwa sababu ngozi ndiyo kazi yangu. Seline akaendelea:

– Lakini mmea iko na utando, halafu nje yake tena iko na ukuta. Mnyama hana ukuta. Hapo ndio huwa nachanganyikiwa. Kwa nini mbili?

Nilikuwa na gambuti mkononi, buti refu la mpira la mkulima mmoja wa Moiben. Nikaingiza soksi ndani yake, nikamwonyesha.

– Soksi ni utando. Gambuti ni ukuta. Mmea imevaa zote mbili. Sisi tumevaa soksi peke yake.

Seline akaangalia lile gambuti muda mrefu kuliko gambuti lolote linavyostahili kuangaliwa.

– Ndio maana mti inasimama bila mifupa, akasema polepole.

– Na ndio maana haitembei! Diwani akadakia. Gambuti bila mguu itaenda wapi?

Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kwenda kazini. Watu wawili walikuja na magunia ya mahindi, Posho akawaambia wangoje, yuko darasani. Seline akasoma kwamba mitokondria zetu zote tumezipata kwa mama, baba hatoi hata moja. Diwani akashika kichwa.

– Simama hapo! Watu wanatoka ng'ambo na ndege, wanakuja hapa Eldoret kupima miguu ya wakimbiaji. Wanapima mtu mbaya! Waende wapime akina mama! Ile medali yote iliyoletwa hapa, ni ya kina mama!

– Kwa hivyo hata hii nguvu yangu ya kubeba gunia... Posho akaanza.

– Ni ya mama yako. Baba yako alikupa jina tu.

Posho hakucheka. Mama yake yuko kijijini, mzee, hawezi tena kuinua hata mtungi. Alikaa akiangalia mikono yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba jioni atampigia simu.

Ikaja kloroplasti, ambayo iko kwa mmea lakini si kwa mnyama, na ndiyo inayotumia jua kutengeneza chakula. Diwani akatoa mpango: tuwekewe hizo kwa ngozi, tukae juani, tushibe bila ugali.

– Unataka kufunga kinu yangu? Posho akamuuliza.

– Na wewe Diwani vile unakaa hapa juani, nikasema, ungekuwa umepasuka.

Vakuoli, ile nafasi ya kuweka maji na utomvu, tuliipa tangi la plastiki la jirani. Ribosomu, zinazotengeneza protini, tukawapa mafundi wa gereji, na hawakujua kama wamepewa. Tulipofika Golgi, Seline akasoma kwamba kazi yake ni kufunga protini na kuzituma zinakohitajika. Diwani akapunga mkono.

– Hiyo ruka. Jina kama ya golikipa. Hakuna mtu ataitaka.

Tukaruka.

Asubuhi Seline alikwenda mtihani, na benchi halikuwa na kahawa. Tulikaa vile vile. Posho alisaga mahindi akija kuchungulia barabara kila gunia likiisha. Diwani hakuhutubia kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Seline alirudi alasiri, viatu vya kanisani vimejaa matope, akaketi kwenye benchi letu badala ya kigoda chake.

– Walileta picha? nikauliza.

– Walileta. Waliuliza ukiweka seli ya damu kwa maji, inapasuka, lakini ya kitunguu haipasuki. Kwa nini? Seline akaninyooshea kidole. Niliona gambuti yako, nikacheka peke yangu. Msimamizi akanikujia, akafikiri nimeficha kitu. Soli, niliandika yote. Niliandika mpaka nafasi ikaisha.

– Na zingine?

– Kiini niliandika. Mitokondria niliandika. Akageuka kwa Diwani. Golgi waliuliza. Niliacha wazi.

Diwani alivua kofia. Tangu nimjue sijamsikia akiomba radhi kwa mtu, lakini siku hiyo aliomba, akanunulia benchi zima kahawa, ingawa mwenye kuiuza ndiye huyo huyo aliyelazimika kuinuka kuipika.

Matokeo yalitoka Januari. Seline aliyapata kwa simu, akapiga yowe mpaka mafundi wa gereji wakaja mbio na spana. Biolojia alikuwa amepata C, na C ndiyo iliyokuwa inatakiwa na chuo cha uuguzi. Posho alimkumbatia, akamwachia mikono miwili ya unga mgongoni. Diwani alipanda juu ya benchi.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja, Naomi, kutoka Moiben, amekuja kuchukua lile gambuti la mumewe. Hakutufahamu. Akauliza sherehe ni ya nini, na Diwani akamweleza yote kuanzia mwanzo: kiini, kinu, soksi na gambuti, tangi la maji, na safari hii hata Golgi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho huku amekumbatia kiatu.

– Kwa hivyo kiini peke yake, hiyo iko hai?

– Hapana, Seline akasema. Ukiitoa nje, inakufa.

– Na hiyo ya nguvu?

– Hiyo pia, peke yake haiishi.

– Na utando? Na maji?

– Hapana, mama.

– Sasa kama hakuna hata moja iko hai, Naomi akauliza, zikikaa pamoja, uhai unatoka wapi?

Tukamwangalia Diwani. Diwani akashuka kwenye benchi polepole. Tukamwangalia Seline.

– Hiyo hawakuuliza, Seline akasema.

Kahawa ilichemka ikamwagika juu ya makaa, hakuna aliyeinuka. Posho alinyoosha mkono wake mbele ya macho, akaukunja ngumi, akaukunjua, akaukunja tena.